Glukosi pekee si nguvu: Jinsi seli zinavyotumia oksijeni kuupa mwili uhai

Na Mwandishi Wetu

GLUKOSI ni miongoni mwa bidhaa zinazofahamika sana katika maduka ya mijini. Mzazi humnunulia mtoto aliyetoka kuugua, mwanafunzi huikoroga kwenye maji usiku wa kuamkia mtihani, na mchezaji huilamba kabla ya kuingia uwanjani, wote wakiamini kuwa wanaongeza nguvu.

Imani hiyo ina ukweli, lakini ni nusu tu ya ukweli. Glukosi ni sukari sahili ambayo mwili huipata kutokana na ugali, wali, ndizi, viazi, mkate na matunda. Hata hivyo, nishati iliyomo ndani yake haiwezi kuutumikia mwili mpaka ifunguliwe na seli, na sehemu kubwa ya kazi hiyo haiwezekani bila oksijeni.

Ndiyo maana mtu aliyeshiba anaweza kufa katika dakika chache kwa kukosa hewa, ilhali mwenye njaa huweza kuishi kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana pia jiko la mkaa lililoachwa likiwaka katika chumba kilichofungwa, muhogo mchungu usioandaliwa vizuri na malaria kali, mambo ambayo kwa macho hayana uhusiano wowote, yote huweza kuua kwa kuivuruga kazi hiyo hiyo moja.

Kazi yenyewe huitwa upumuaji wa seli. Makala haya yanaeleza namna inavyofanyika, ilivyogunduliwa, na kwa nini kuielewa kunaweza kuokoa maisha.

Kupumua na upumuaji wa seli

Katika lugha ya kila siku, kupumua ni kuvuta hewa puani na kuitoa. Kwa wataalamu wa elimuviumbe, huo ni mwanzo tu wa safari. Mapafu huchukua oksijeni kutoka hewani na kuikabidhi kwa damu, nayo damu huisafirisha hadi katika kila pembe ya mwili.

Upumuaji wenyewe hutokea ndani ya seli, yaani chembe hai ndogo ndogo zinazojenga misuli, ubongo, ini, ngozi na viungo vingine vyote. Humo ndimo glukosi na oksijeni hutumika, na humo ndimo hutoka nishati, maji na kaboni dioksaidi, ambayo wengi huifahamu kwa jina la hewa ukaa.

Kwa hesabu ya kikemia, molekuli 1 ya glukosi hutumia molekuli 6 za oksijeni, na matokeo yake ni molekuli 6 za hewa ukaa na molekuli 6 za maji. Ukiichoma glukosi motoni utapata matokeo hayo hayo. Tofauti ni kwamba moto huitoa nishati yote kwa mkupuo mmoja kama joto na mwanga, wakati seli huitoa kidogo kidogo, kwa hatua nyingi zinazosimamiwa na vimeng'enya.

Kiasi cha nishati hiyo si kidogo. Gramu 180 za glukosi zikiunguzwa zote hutoa takriban kilojuli 2,800. Joto hilo linatosha kuchemsha lita 9 hivi za maji yaliyokuwa na nyuzi joto 25. Lau seli ingeiachia nishati hiyo kwa ghafla, ingejiunguza yenyewe.

Sarafu ya mwili

Seli haitumii glukosi moja kwa moja kuukunja msuli au kupeleka ujumbe katika mshipa wa fahamu. Kwanza hubadilisha nishati ya glukosi kuwa kemikali iitwayo adenosini trifosfeti, ambayo wanasayansi huifupisha kwa herufi ATP. Kemikali hiyo ilitambuliwa na Karl Lohmann nchini Ujerumani mwaka 1929.

ATP inaweza kufananishwa na fedha taslimu, na glukosi na gunia la mahindi. Mwenye gunia ni tajiri, lakini hawezi kulipia nauli ya daladala kwa mahindi. Sharti ayauze kwanza, apate sarafu. Vivyo hivyo, seli huibadilisha glukosi kuwa ATP, kisha huitumia ATP kulipia kila kazi.

Jambo la kushangaza ni kwamba mwili hauweki akiba kubwa ya sarafu hiyo. ATP iliyopo mwilini kwa wakati mmoja ni makumi tu ya gramu. Lakini kila inapotumika hutengenezwa upya, tena na tena, kiasi kwamba jumla ya ATP inayotengenezwa na mtu mzima kwa siku moja hukaribia uzito wa mwili wake.

Hivyo basi, uzalishaji ukisimama, akiba iliyopo huisha upesi sana. Kiungo kinachoathirika mapema ni ubongo, ambao ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote mtu anapokuwa amepumzika. Ubongo ukinyimwa oksijeni kabisa, madhara ya kudumu huweza kuanza baada ya dakika 4 hivi.

Hatua tatu za kuifungua glukosi

Kazi ya kuifungua glukosi hupitia hatua kuu tatu.

Hatua ya kwanza huitwa glaikolisisi. Hufanyika katika majimaji ya seli na haihitaji oksijeni. Glukosi, yenye atomi 6 za kaboni, hupitia mabadiliko 10 yanayofuatana na mwishowe hukatwa vipande viwili vyenye atomi 3 kila kimoja, viitwavyo pairuveti. Seli hutumia ATP 2 kuianzisha kazi hiyo na hupata ATP 4, hivyo faida yake ni ATP 2 tu.

Hatua ya pili hufanyika ndani ya mitokondria, vyumba vidogo vilivyomo ndani ya seli ambavyo vitabu vingi vya shule huviita mtambo wa umeme wa seli. Pairuveti huingia humo, hupoteza kaboni moja kama hewa ukaa, na kilichobaki huingizwa katika mfululizo wa mabadiliko uitwao mzunguko wa Krebs. Mzunguko huo huikata kaboni iliyosalia mpaka yote itoke kama hewa ukaa.

Kwa maneno mengine, hewa ukaa ambayo msomaji anaitoa puani wakati huu imetokana na kaboni iliyokuwa katika chakula alichokula. Watu wengi hudhani kuwa oksijeni tunayovuta ndiyo inayogeuka kuwa hewa ukaa. Sivyo. Oksijeni ya hewani hugeuka kuwa maji, na hilo hutokea katika hatua ya tatu.

Katika hatua hizo mbili za mwanzo ATP inayopatikana ni chache. Sehemu kubwa ya nishati ya glukosi bado imebebwa na elektroni, chembe ndogo mno zenye chaji hasi, ambazo zimetolewa katika glukosi na kukabidhiwa kwa wabebaji maalumu.

Hatua ya tatu hufanyika katika utando wa ndani wa mitokondria. Wabebaji huzishusha elektroni hizo kwenye msururu wa protini, nazo hupokezana elektroni kama wakimbiaji wa kupokezana vijiti. Katika kila mpokezano nishati kidogo hutolewa, na protini hizo huitumia kusukuma protoni, yaani chembe za haidrojeni zenye chaji chanya, kwenda upande wa pili wa utando.

Matokeo yake ni kwamba protoni hujazana upande mmoja, kama maji yanavyojazana nyuma ya ukuta wa bwawa. Anayelifahamu Bwawa la Kidatu nchini Tanzania au Masinga nchini Kenya atauelewa mpango huu bila shida: maji yaliyozuiwa juu hushuka kwa nguvu kupitia mashine, mashine huzunguka, na umeme huzalishwa.

Ndani ya mitokondria, protoni hushuka kupitia protini moja yenye umbo la mashine inayozunguka, ambayo inaweza kufanya mizunguko zaidi ya 100 kwa sekunde. Mzunguko huo ndio unaounganisha sehemu za ATP. Hapo ndipo seli hupata sehemu kubwa kabisa ya sarafu yake.

Mwisho wa hesabu, glukosi moja hutoa takriban ATP 30 hadi 32. Wanafunzi watakumbuka kuwa vitabu vya zamani vilitaja 36 au 38. Vipimo vya baadaye vilionesha kuwa sehemu ya nishati hutumika kusafirisha vitu kupita katika utando, na nyingine hupotea njiani.

Nishati ambayo haikuingia katika ATP hugeuka joto. Hasara hiyo ina faida yake, kwani ndiyo inayoufanya mwili wa binadamu kubaki na nyuzi joto 37 hivi hata usiku wa baridi.

Ikumbukwe kuwa glukosi si kuni pekee katika jiko hili. Mafuta na protini navyo huvunjwa na kuingizwa katika njia hiyo hiyo, hasa mtu anapofunga au anapokosa chakula kwa muda mrefu.

Kituo cha mwisho

Oksijeni inahusika wapi katika mpango wote huo? Inahusika mwishoni kabisa. Elektroni zikishapita katika msururu wa protini ni lazima zipate pa kwenda. Oksijeni huzipokea, huungana na protoni, na kuwa maji.

Hali hii yaweza kulinganishwa na njia ya daladala yenye kituo kimoja cha mwisho. Kituo hicho kikifungwa ghafla, gari la kwanza litakwama, la pili litakwama nyuma yake, na baada ya muda mfupi foleni itarudi hadi mwanzo wa safari, ingawa abiria na mafuta vipo tele.

Ndivyo inavyokuwa seli inapokosa oksijeni. Elektroni hukwama, protoni hazisukumwi tena, mzunguko wa Krebs husimama, na glukosi hata iwe nyingi kiasi gani huishia katika hatua ile ya kwanza yenye faida ya ATP 2. Kutoka 30 hadi 2 ni anguko ambalo ubongo na moyo haviwezi kulivumilia.

Mbio, pombe na maziwa mgando

Si kila upungufu wa oksijeni ni hatari. Mtu anapokimbilia basi au anapopandisha ngazi kwa kasi, misuli yake huhitaji ATP kwa haraka kuliko mitokondria zinavyoweza kuitoa. Hapo hatua ya kwanza huharakishwa, na pairuveti inayolundikana hugeuzwa kuwa asidi laktiki.

Kwa miaka mingi wanamichezo waliambiwa kuwa asidi hiyo ndiyo inayosababisha maumivu ya misuli siku ya pili baada ya mazoezi. Wataalamu wa leo hawakubaliani na maelezo hayo, kwa kuwa sehemu kubwa ya asidi laktiki huondoka katika misuli ndani ya muda mfupi. Nyingine huchukuliwa na ini na kugeuzwa kuwa glukosi tena, njia iliyoelezwa na Carl Cori na mkewe Gerty, ambao walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1947.

Mbio ndefu ni habari nyingine. Marehemu Kelvin Kiptum wa Kenya alipokimbia kilomita 42.195 mjini Chicago Oktoba 8, 2023 kwa saa 2 na sekunde 35, nishati yake karibu yote ilitokana na upumuaji unaotumia oksijeni. Hakuna binadamu anayeweza kumaliza marathoni kwa ATP 2 za glaikolisisi peke yake.

Wapo viumbe wanaoishi vizuri bila oksijeni. Hamira, ambayo ni kuvu ndogo, ikikosa hewa hugeuza glukosi kuwa alkoholi na hewa ukaa. Hewa hiyo ndiyo inayoumua unga wa maandazi na mkate, na alkoholi hiyo ndiyo inayopatikana katika mbege, bia na mvinyo. Bakteria wengine hutengeneza asidi laktiki, na kazi yao huonekana katika maziwa mgando na togwa.

Siri ilivyofichuliwa

Ujuzi huu haukupatikana kwa siku moja. Katika majira ya baridi ya mwaka 1782 kuelekea 1783, Mfaransa Antoine Lavoisier akishirikiana na Pierre-Simon Laplace alimweka simbilisi, mnyama mdogo jamii ya panya, ndani ya chombo kilichozungukwa na barafu. Alipima barafu iliyoyeyushwa na joto la mnyama huyo, akailinganisha na ile iliyoyeyushwa na mkaa unaowaka uliotoa kiasi sawa cha hewa ukaa.

Viwango hivyo vilikaribiana. Lavoisier alihitimisha kuwa upumuaji ni aina ya kuungua kwa polepole. Alikosea jambo moja, kwani alidhani kuungua huko hutokea katika mapafu. Hakupata muda wa kutosha wa kuendelea na utafiti, kwa kuwa aliuawa kwa kukatwa kichwa Mei 8, 1794 wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa.

Mwaka 1897, Mjerumani Eduard Buchner alionesha kuwa maji yaliyokamuliwa kutoka katika hamira, bila seli nzima hata moja, yaliweza kugeuza sukari kuwa alkoholi. Ugunduzi huo ulithibitisha kuwa kazi ya seli hufanywa na kemikali zinazoweza kuchunguzwa, na ulimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1907.

Hans Krebs, daktari Mjerumani mwenye asili ya Kiyahudi, alifukuzwa kazi mwaka 1933 baada ya utawala wa Hitler kuingia madarakani. Alikimbilia Uingereza, na mwaka 1937 akiwa Sheffield, kwa kutumia misuli ya kifua cha njiwa, aliuainisha mzunguko ambao leo unaitwa kwa jina lake. Jarida maarufu la Nature halikuikubali taarifa yake, akaichapisha kwingine. Mwaka 1953 alitunukiwa Nobel.

Kwa upande wake, Mwingereza Peter Mitchell alipopendekeza mwaka 1961 kuwa ATP hutengenezwa kwa nguvu ya protoni zilizozuiwa nyuma ya utando, wenzake wengi walimpinga. Aliendelea na kazi katika maabara aliyoianzisha huko Cornwall, na mwaka 1978 naye akapata Nobel. Mwaka 1997 watafiti wa Japani walifanikiwa kuiona kwa hadubini ile mashine ya ATP ikizunguka.

Jiko la mkaa chumbani

Kwa wakazi wa mijini, hatari iliyo karibu zaidi na upumuaji wa seli ni jiko la mkaa. Mkaa unaowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi, harufu wala ladha.

Hewa hiyo hushikamana na himoglobini, ile protini nyekundu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Damu huendelea kuzunguka na mapafu huendelea kuvuta hewa, lakini oksijeni inayofika kwenye seli hupungua. Aidha, kaboni monoksaidi huweza kukaa katika protini ya mwisho ya mitokondria, mahali ambapo oksijeni ilipaswa kukaa.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kuchoka na usingizi mzito. Hatari kubwa ni kwamba dalili hizo hufanana na za uchovu wa kawaida, na anayelala huenda asiamke.

Kwa hiyo, katika miji yenye baridi kama Mbeya, Njombe, Nairobi na Eldoret, haifai kulala na jiko linalowaka ndani kwa ajili ya kupasha chumba joto, hata kama mkaa umekwisha kushika moto na hautoi moshi. Kukosekana kwa moshi si ushahidi kuwa hewa ni salama. Jenereta nayo isiwashwe ndani ya nyumba.

Akikutwa mtu amezidiwa katika chumba cha namna hiyo, milango na madirisha yafunguliwe, atolewe nje penye hewa safi na awahishwe hospitali ili apewe oksijeni. Kumpa maziwa au maji yenye glukosi hakumsaidii, kwa sababu kilichokosekana katika seli zake si sukari.

Muhogo na kituo kilichofungwa

Sumu nyingine inayoshambulia mahali hapo hapo ni sayanidi. Muhogo, hasa ule mchungu, una kemikali iitwayo linamarini ambayo huachia sayanidi mzizi unapokatwa, unapotwangwa au unapotafunwa. Sayanidi hunata kwenye protini ya mwisho ya msururu wa elektroni na kuizuia kuitumia oksijeni. Damu ya mgonjwa huweza kuwa na oksijeni tele, lakini seli zake haziwezi kuitumia.

Mababu waligundua njia za kujikinga kabla ya kuwapo maabara. Kumenya, kuloweka kwa siku kadhaa, kuvundika, kutwanga na kuanika juani huiondoa sehemu kubwa ya sumu hiyo. Matatizo hutokea pale ukame, vita au haraka ya soko inapofanya hatua hizo zifupishwe.

Septemba 2017, katika Wilaya ya Kasese nchini Uganda, watu 98 waliugua na 2 kati yao walifariki dunia baada ya kula chakula kilichopikwa kwa unga wa muhogo wenye sayanidi. Kiwango cha usalama kinachotambuliwa kimataifa ni miligramu 10 za sayanidi kwa kila kilo ya unga wa muhogo.

Hali kadhalika, kula muhogo mchungu usioandaliwa vizuri kwa wiki nyingi, pamoja na upungufu wa protini, kunahusishwa na konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla na kwa kudumu. Ugonjwa huo ulielezwa kwa mara ya kwanza katika Kongo mwaka 1938. Nchini Tanzania uliwapata wakazi wa Tarime wakati wa ukame wa miaka ya 1980, na baadaye wakazi wa Mtwara mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Mtaalamu wa kemia wa Australia, Howard Bradbury, alipendekeza njia rahisi ya kuupunguzia unga sumu: kuuloanisha kwa maji, kuutandaza kwa unene usiozidi sentimita 1, na kuuacha kwa saa 2 juani au saa 5 kivulini kabla ya kuupika siku hiyo hiyo. Sayanidi huondoka kama hewa. Njia hiyo imejaribiwa katika vijiji vya Kongo vilivyokuwa na konzo.

Malaria na sukari ya mtoto

Vimelea vya malaria vinapokuwa ndani ya chembe nyekundu za damu hupata nishati yao hasa kwa glaikolisisi, ile njia yenye faida ndogo. Kwa sababu hiyo hula glukosi kwa pupa. Chembe iliyovamiwa huweza kutumia glukosi hadi mara 100 kuliko chembe isiyo na kimelea.

Katika damu yote ya mtu mzima mwenye afya, glukosi inayozunguka ni gramu 4 hivi, sawa na kijiko kimoja cha chai. Mtoto mdogo ana kidogo zaidi. Akiwa na homa, hali chakula na anatapika, sukari yake huweza kushuka mno. Shirika la Afya Duniani huhesabu sukari iliyo chini ya milimoli 2.2 kwa lita kuwa mojawapo ya dalili za malaria kali.

Wakati huo huo, chembe zilizovamiwa hunata katika mishipa midogo na kuzuia damu, na upungufu wa damu huongeza uhaba wa oksijeni. Seli za mtoto nazo hulazimika kutegemea glaikolisisi, na asidi laktiki hujaa mwilini. Mwili hujaribu kuipunguza asidi hiyo kwa kupumua kwa nguvu.

Mwaka 1995, watafiti waliofanya kazi Kilifi, katika pwani ya Kenya, walitangaza kuwa dalili mbili zilizowatambulisha watoto waliokuwa katika hatari kubwa ya kufa kwa malaria ni kupungukiwa fahamu na kupumua kwa shida. Dalili ambayo mzazi huweza kudhani ni kifua cha kawaida, kumbe ni kilio cha seli zisizo na oksijeni.

Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika zikiwamo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo, ulionesha kuwa dawa ya sindano ya artesuneti ilipunguza vifo kwa zaidi ya moja ya tano ikilinganishwa na kwinini. Kwinini, licha ya kuua vimelea, ina tabia ya kushusha sukari ya mgonjwa.

Njaa katikati ya shibe

Ugonjwa wa kisukari unaonesha upande mwingine wa jambo hili. Hapa glukosi imejaa katika damu, lakini haiingii vizuri katika seli za misuli na mafuta kwa kukosa insulini, homoni inayotengenezwa na kongosho, au kwa kuwa seli haziitikii insulini iliyopo.

Mgonjwa asiye na insulini hukonda huku damu yake ikiwa na sukari nyingi. Seli zake hugeukia mafuta kwa kiasi kikubwa, na mabaki yake huifanya damu kuwa na asidi. Kabla ya insulini kugunduliwa Toronto, Kanada, mwaka 1921 na kutumika kwa mgonjwa wa kwanza Januari 1922, watoto wenye kisukari cha aina hiyo walikuwa hawana matumaini ya kuishi muda mrefu.

Mgonjwa huyo huyo akijidunga insulini nyingi au akiruka mlo, sukari hushuka na ubongo hukosa mafuta ya kuendeshea kazi. Huyo ndiye mtu ambaye glukosi ya dukani humfaa kweli na kwa haraka, ilimradi ana fahamu na anaweza kumeza.

Kwa mtu mwenye afya anayekula vizuri, glukosi ya ziada haiongezi nguvu kwa namna wengi wanavyodhani. Seli hazitengenezi ATP zaidi ya wanayoihitaji. Sukari inayobaki huwekwa katika ini na misuli, na inayozidi hapo hugeuzwa mafuta. Kinachoongeza uwezo wa seli kuzalisha nishati ni mazoezi ya mara kwa mara, ambayo huongeza mitokondria katika misuli.

Kwa mtoto mwenye homa anayepumua kwa haraka, asiyechangamka, anayepata degedege au anayeshindwa kunyonya, kumkorogea glukosi nyumbani na kungoja asubuhi ni kupoteza muda ambao seli zake hazina. Anapaswa kufikishwa kituo cha afya usiku huo huo, ambako atapimwa malaria, sukari na wingi wa damu, na kupewa oksijeni iwapo anaihitaji.